Goma: Umeme ukirudi, ndipo friji inapokufa

Katika kata nyingi za Goma, umeme ukikatika jioni hakuna anayeshangaa. Mtu anawasha tochi ya simu, mama anaendelea kusonga fufu, watoto wanasogea karibu na makaa. Kelele inakuja baadaye, wakati umeme unaporudi. Avenyu nzima inapiga yowe la furaha, hata wale wasio na konteri nyumbani. Na ni katika sekunde hizo za furaha, wala si wakati wa giza, ndipo televisheni inapolia "pa!" na nyumba kunuka plastiki ya kuungua, ao friji inanyamaza na haiamki tena.

Watu wengi wanalaumu giza. Wanasema: umeme ulikatika, friji ikafa. Lakini kukatika kwenyewe kunaharibu nyama na samaki tu. Chombo ambacho hakina umeme kimelala, hakuna kinachokigusa. Hatari iko kwenye kurudi.

Vyombo vinavyouzwa Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira vimetengenezwa kwa umeme wa volti 220. Vingi vinavumilia kidogo juu na kidogo chini. Sasa umeme unaporudi katika kata, kila kitu kilichoachwa kimefunguliwa kinaamka pamoja: friji zote, resho zote, pasi, pampu za maji, mashine za kusaga, mashine za mafundi wa kuunga vyuma. Wote wanavuta kwa mara moja. Volti zinaanguka, kisha wengine wanaposhiba zinaruka, kisha zinaanguka tena. Ni kama maji yanayorudi kwenye bomba lililokauka wiki nzima: kwanza linatema upepo, kisha linarusha maji kwa nguvu, na ndoo iliyowekwa chini inapinduka. Mwenye akili hangoji na ndoo wakati huo. Anaacha maji yatulie kwanza.

Friji na kongelateri zina ugonjwa wao mwingine, na huo hauhitaji volti kupanda. Ndani ya friji kuna mota inayosukuma gesi. Mota ikisimama, gesi inabaki imebanwa upande mmoja, na inachukua dakika kadhaa kusawazika. Umeme ukirudi baada ya nusu dakika tu, mota inataka kuzunguka lakini gesi iliyobanwa inaizuia. Inavuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida, inapata joto, na rangi inayofunika nyuzi zake za shaba inaanza kuungua. Siku ya kwanza inapona. Siku ya kumi inapona. Kisha siku moja inanguruma, inalia "tak", inanyamaza, na fundi anakuja kusema neno ambalo kila mama muuzaji wa Goma analiogopa: komprese imekufa.

Na hapo si chombo tu kilichokufa. Katika mji huu kongelateri ni mtaji. Mama anaweka ndani maji ya barafu, juisi, sambaza kutoka ziwani, kuku wa barafu, na kutoka humo zinatoka pesa za unga, za sabuni na za masomo. Tangu vita viliposogea karibu na mji, nyumba nyingi zilizokuwa na watu sita zinalala watu kumi na zaidi, kwa sababu jamaa kutoka Masisi, Rutshuru ao Nyiragongo walifika na mafurushi na hawakuwa na pa kwenda. Wenyeji waliwafungulia mlango. Chakula cha watu wote hao mara nyingi kinategemea sanduku moja jeupe linalonguruma kwenye kona, lililonunuliwa kwa zamu ya likelemba iliyongojewa miezi mingi. Ndiyo maana maneno haya ya volti si maneno ya mafundi peke yao.

Kuna mama wa kata ya Ndosho aliyepoteza kongelateri mbili kwa njia hii. Baada ya ile ya kwanza alienda sokoni kutafuta kinga, akauziwa ralonji yenye swichi nyekundu na taa ndogo. Muuzaji aliiita parafudri. Ilikuwa ralonji ya kawaida, na taa ile ilionyesha tu kwamba umeme uko. Kongelateri ya pili ikafa imechomekwa humo. Leo ya tatu bado inafanya kazi, na kinga yake haikununuliwa sokoni. Ni utaratibu wa nyumba.

Utaratibu wenyewe ni huu. Umeme ukikatika, mtu wa kwanza anayefika kwenye prizi anachomoa: kongelateri, televisheni, chaja, vyote. Taa moja tu ya chumba cha mbele inaachwa swichi yake ikiwa imefunguliwa. Hiyo ndiyo mlinzi. Umeme ukirudi, hakuna anayekimbilia prizi. Wanatazama taa. Ikiwaka kwa kuyumba, mara kali mara hafifu, wanangoja. Ikikaa dakika kumi imetulia, wanachomeka kongelateri kwanza peke yake, wanasikiliza mota yake ikianza vizuri, kisha televisheni, kisha simu. Dakika kumi hizo zinafanya kazi mbili: volti za kata zinatulia, na gesi ndani ya komprese inasawazika.

Ugumu hauko kwenye kujua, uko kwenye usiku. Umeme unapenda kurudi saa nane za usiku, watu wakiwa wamelala. Ikiwa uliondoka saa mbili jioni na hakuna aliyechomoa, kila kitu kitapokea ule mshindo wa kwanza. Kwa hiyo katika nyumba ile ya Ndosho kazi ya kuchomoa ilipewa mtu mmoja, kijana wa miaka kumi na minne aliyefika na familia iliyokimbia kutoka Masisi. Anaifanya kama askari wa zamu. Kazi ikiwa ya wote, kila mmoja anafikiri mwenzake amechomoa.

Kuna hatari ya pili ambayo ni mbaya kuliko ya kurudi kwa umeme, na wakaaji wachache wanaijua kwa jina. Mafundi wanaiita kukatika kwa netri. Mtu akiangalia kwenye poto ya mtaa ataona mara nyingi waya nne. Tatu ni za fazi, ya nne ni netri. Kati ya fazi moja na netri kuna volti 220, na hizo ndizo zinazoingia katika nyumba ya kawaida. Lakini kati ya fazi na fazi kuna 380. Netri ndiyo inayozuia nyumba zisionje hizo 380.

Sasa netri ikikatika kwenye poto ao kwenye kabini, kwa sababu kiungo kimelegea, mti umeanguka, risasi imepita, ao mwizi wa shaba amefanya kazi yake, nyumba zilizo kwenye fazi tofauti zinajikuta zimefungwa pamoja bila kujua, na zinagawana zile 380. Mgawo wenyewe hauna haki. Nyumba yenye vitu vingi vilivyofunguliwa, resho na pasi na friji, inapata volti kidogo. Nyumba yenye taa moja na redio inapata nyingi, inaweza kupita 300. Ndiyo sababu siku kama hiyo mtu mwenye televisheni moja tu anaunguza, wakati jirani yake mwenye nyumba ya ghorofa anaona taa zake zimefifia tu. Watu wanaanza kusema maneno ya uchawi na ya wivu. Hakuna uchawi hapo. Ni waya mmoja.

Dalili yake inaonekana kwa macho: katika nyumba ileile ao kwa majirani, taa fulani zinawaka kwa ukali usio wa kawaida, nyeupe kabisa, na zingine zinakuwa nyekundu kama makaa yanayozimika. Hapo hakuna kungoja dakika kumi. Ni kukimbia kwenye disjonkteri kubwa na kuishusha, kisha kupiga kelele majirani nao washushe, na kuita watu wa kampuni inayoleta umeme. Kupanda poto mwenyewe ili kuunga ni kutafuta kifo. Netri iliyokatika inaweza kubeba umeme wa kuua, hata kama kila mtu anasema kwamba netri haina kitu.

Mji wa Goma una sababu nyingi za kuogopa jambo hili. Lava ya Nyiragongo ilipita juu ya njia za umeme Mei 2021. Mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano, mji ulikaa siku kadhaa bila umeme, na maji yakakosa pia kwa kuwa pampu hazina nguvu bila umeme. Njia iliyokatwa na kuungwa tena ina viungo vingi, na kila kiungo ni mahali panapoweza kulegea. Ongeza wale wanaojifungia waya usiku kwenye poto bila konteri. Wanapenda kufikiri kwamba wanaiba kampuni. Ukweli ni kwamba wanalemea fazi moja na kupasha joto netri ya mtaa mzima, na siku itakapoachia, friji zitakazokufa ni za majirani.

Tena kuna anga. Watafiti waliohesabu radi za dunia nzima kwa satelaiti ya NASA walitoa hesabu yao mwaka 2016: mahali pa kwanza duniani ni Ziwa Maracaibo, Venezuela, na pa pili ni eneo la Kabare, hapa Kongo ya mashariki, zaidi ya radi 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Katika Afrika hakuna panapopita hapo. Mtu wa Kivu hakuhitaji satelaiti kumwambia, lakini hesabu hiyo inafaa kukumbukwa pale muuzaji anapoonyesha kisanduku chepesi na kusema kinazuia radi.

Radi haihitaji kupiga nyumba. Ikipiga karibu na njia ya umeme, mbali hata kilometa moja ao zaidi, mshindo wake unasafiri kwenye waya na kuingia kila nyumba. Unaingia pia kwa mlango ambao watu wanausahau: waya wa antena na wa sahani ya televisheni. Mtu anachomoa televisheni kwenye prizi, anajiona mjanja, na anaacha waya wa sahani umefungwa nyuma ya dekoda. Dekoda inakufa vilevile. Vyote viwili vinachomolewa, na vinachomolewa wakati wingu linapojikusanya kule juu ya milima, si wakati radi imeshafika juu ya paa. Ikishafika, mtu aache vyombo viungue. Mkono ulioshika waya wakati huo ni mali kubwa kuliko televisheni.

Juu ya visanduku vya sokoni, yafaa kuvitenganisha, kwa sababu pale Birere vyote vinaitwa kwa jina moja na vinafanya kazi tofauti.

Regilateri, ambayo wengine wanaita stabilizateri, kazi yake ni kusawazisha volti zinazopanda na kushuka polepole. Katika kata ambako volti zinashuka hadi 160 kila jioni, inasaidia sana, maana volti za chini nazo zinaua mota ya friji. Nyingi zina kitufe cha kuchagua muda wa kungoja kabla ya kupitisha umeme: sekunde chache ao dakika tatu hivi. Kwa friji, kitufe hicho kiwekwe kwenye muda mrefu. Inashangaza namna watu wanavyonunua regilateri nzuri na kukiacha kwenye sekunde chache kwa sababu hawana subira ya kuona taa ya kijani. Na nguvu yake iwe kubwa kuliko ya friji mara kadhaa, kwa kuwa mota inapoanza inavuta kuliko inapozunguka. Namba iliyoandikwa kwenye karatoni si ya kuaminiwa sana. Mafundi wazee wanaibeba kwanza mkononi: ndani ya regilateri ya kweli kuna chuma na nyuzi nzito, na ile inayojiita kubwa huku ni nyepesi kama karatoni ya biskuti, waiache hapo.

Kisanduku cha pili ni kidogo, kinafungwa karibu na disjonkteri, kina namba nyekundu zinazoonyesha volti. Hakisawazishi kitu. Kinatazama tu: volti zikipita kiasi kilichowekwa juu, tuseme 250, ao zikishuka chini ya 170, kinakata nyumba nzima, kisha kinangoja dakika zilizowekwa kabla ya kurudisha. Dhidi ya netri iliyokatika, hiki ni bora kuliko regilateri, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya friji. Kinafanya ile kazi ya kijana wa Ndosho, hata saa nane za usiku. Kama nyumba ina pesa za kitu kimoja tu, basi ni hiki, na si ralonji yenye taa nyekundu.

Cha tatu ni parafudri ya kweli. Inakula ile miruko mifupi sana, ya radi hasa, na kuitupa ardhini. Kila mruko unaila kidogo, na siku moja imekwisha. Ndiyo maana nyingi zina kidirisha ao taa ya kuonyesha kama bado ni nzima, na mtu akione anapopita. Lakini neno kubwa ni lile la mwisho: ardhini. Parafudri isiyo na waya wa tere ni mlinzi aliyefungiwa ndani ya nyumba pamoja na mwizi.

Na tere, katika mji wa Goma, ndiyo shida yenyewe. Kule Bukavu udongo ni mwekundu na mzito, chuma cha shaba cha meta mbili kinaingia kwa nyundo. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na kata nyingi zimesimama juu ya lava ya zamani zaidi. Chuma kinaingia sentimeta thelathini, kinagonga jiwe na kukunjika. Fundi asiyependa kazi anakikata kwa msumeno, anakifukia, na kumwambia mwenye nyumba kwamba tere ipo. Ipo kwa macho tu. Jiwe kavu halipitishi umeme.

Wanaofanya kazi vizuri wana njia zao. Kama nyumba haijajengwa, waya wa shaba usio na plastiki unazungushwa chini kabisa ya msingi kabla ya kumwaga saruji, na hakuna njia bora kuliko hiyo kwa ardhi ya mawe. Kama nyumba iko tayari, wanatafuta ufa ao bonde dogo lenye udongo katika parsele, ao wanachimba mfereji na kulaza waya kwa urefu, meta nyingi, wakiufunika kwa udongo mweusi ulioletwa na makaa yaliyopondwa. Wengine wanaongeza chumvi. Chumvi inasaidia, lakini mvua inaiosha na yenyewe inakula chuma, kwa hiyo baada ya miaka michache ni kurudia. Mahali pazuri ni pale maji ya kuoga yanapopita, maana udongo wenye unyevu unapitisha vizuri kuliko mkavu. Kisha fundi apime kwa kifaa. Fundi asiyepima hajamaliza kazi, hata kama ameshalipwa.

Kwa wapangaji, ambao ndio wengi, mwenye nyumba mara nyingi hataki kusikia habari ya tere. Katika parsele moja ya wapangaji watano, shimo moja linaweza kuwahudumia wote, na mchango wa kila mmoja unakuwa mdogo. Wengine wamefaulu kukata gharama hiyo kwenye kodi ya mwezi baada ya kuandikiana karatasi na mwenye nyumba. Bila karatasi, wasithubutu.

Kuna desturi mbili ambazo zingestahili kuisha leo. Ya kwanza ni kuweka waya wa shaba mahali pa fizibu iliyoungua. Fizibu iliungua ili nyumba isiungue, na nyumba nyingi za Goma ni za mbao. Ya pili ni jenereta inayochomekwa kwenye prizi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima, bila inversa ya kutenganisha. Umeme wa jenereta hiyo unatoka nje hadi kwenye poto, na mfanyakazi aliyepanda akiamini kwamba njia imelala anakufa juu yake. Na umeme wa mtaa ukirudi jenereta ikiwa inazunguka, jenereta inaungua. Siku hizi, tangu sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilipofungua mlango kwa kampuni za watu binafsi, kuna nyumba za Goma zenye njia mbili za umeme kutoka kwa wauzaji wawili. Hizo nazo zinahitaji inversa, isiyoruhusu njia mbili kukutana hata sekunde moja.

Vyombo vikiungua katika avenyu nzima siku moja, malalamiko ya mtu mmoja yanatupwa kwa urahisi: friji yako ilikuwa ya zamani, wanasema. Malalamiko ya nyumba kumi na tano ni kitu kingine. Yaandikwe siku ileile, saa na tarehe, kila nyumba na chombo chake, namba ya konteri, picha za simu kama zipo, na shefu wa avenyu atie sahihi na mhuri. Fundi aandike kwenye karatasi kile alichokiona ndani ya chombo. Nakala moja ibaki kwa wakaaji. Malipo hayana hakika, lakini bila karatasi hakuna hata pa kuanzia.

Kwa familia zilizo kwenye hema, mashuleni ao katika vyumba vya watu, mambo ya friji na disjonkteri yako mbali. Mali yao ya umeme ni redio, taa na simu. Nazo zinaungua, kwa njia nyingine.

Pano ndogo ya jua inayoitwa ya volti 12 inatoa karibu 22 inapokaa juani bila kufungwa na kitu. Redio ya mawe matatu inataka volti nne na nusu. Simu inataka tano. Mtu anayevua plastiki ya waya na kufunga pano moja kwa moja kwenye redio anaweza kuisikia ikisema vizuri asubuhi, jua likiwa dogo, na saa sita imekufa. Kati ya pano na chombo lazima iwepo regilateri ndogo ya jua, na betri. Tena kuna mpangilio: betri ndiyo inayofungwa kwanza kwenye regilateri, kisha pano. Wakati wa kufungua, pano inatoka kwanza, betri mwisho. Kugeuza mpangilio huu kumeua regilateri nyingi zilizotolewa kama msaada, na watu wakasema kwamba msaada ulikuwa mbovu. Kwa simu, kipachiko cha USB kinachoshusha kutoka 12 hadi 5 kinauzwa hata kwenye meza za barabarani.

Asiye na pano anapeleka simu kwenye nyumba ya kuchaji. Hapo yafaa kuangalia kabla ya kulipa franka. Simu thelathini kwenye ubao mmoja unaolishwa na jenereta ndogo ya mafuta ni hatari, hasa mafuta yanapokaribia kuisha: jenereta inakohoa, inapanda na kushuka, na volti zinacheza pamoja nayo. Mwenye kazi nzuri anachomoa ubao kabla ya tangi kukauka, na hatii mafuta mashine ikizunguka. Mwenye betri za jua na regilateri iliyofungwa ukutani ni bora zaidi, hata kama foleni yake ni ndefu. Chaja isiyo na uzito wowote, inayopata joto la kuchoma vidole, isikubaliwe. Na simu ambayo betri yake imevimba isichajiwe tena mahali popote, wala isiwekwe karibu na mtoto aliyelala.

Kwa aliyekimbia, simu ikiungua kinachopotea si simu peke yake. Ndani yake mna namba ya mume aliyebaki Sake, ya dada aliyepitia njia ya Minova, ya mwalimu anayejua watoto walipoandikishwa. Namba hizo mara nyingi zimehifadhiwa kwenye simu wala si kwenye kadi, na fundi hawezi kuzitoa katika simu iliyoungua. Namba tatu ao nne za lazima ziandikwe kwa kalamu kwenye karatasi kabla simu haijaondoka kwenda kuchajiwa, na karatasi hiyo ifungwe ndani ya plastiki ileile inayobeba karata ya uchaguzi.